Je, wajua? Duka la mtandaoni linaweza kufunga mlango huku likijibu "karibu"

Yaya wangu (kwetu neno hilo ni ndugu mkubwa, si mlezi wa watoto) anauza vitenge hapa Lubumbashi. Meza yake iko soko la Kenya (Kenya ya kwetu ni komini, yaani wilaya ya jiji, msafiri wa Nairobi asichanganyikiwe), lakini wateja wake wa Kolwezi na Likasi hawajawahi kuiona. Wanachagua kwenye simu, wanalipa kwa simu, mzigo unapanda basi. Duka hilo la mtandaoni nililitengeneza mimi, na siku nilipotaka kulihamishia kwenye seva nyingine (kompyuta inayotunza tovuti na kuwapa wageni kurasa zake), kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu, niliona jambo moja tu la kujali: mteja asikute ukurasa mweupe. Nikaandaa ukurasa wa matengenezo mzuri kweli. Juu picha ya kitenge cha buluu, chini yake maneno: "Tunapanga meza upya. Rudi Jumatatu." Na namba ya simu ya yaya.

Jumatano akanipigia. "Mudogo, juu ya nini ku Google bitenge byangu byote biko na jina moya?"

Si vyote, lakini vingi. Mahali palipokuwa na jina la kitenge na bei yake, sasa palisomeka "Tunapanga meza upya", mstari chini ya mstari. Duka lilikuwa limeshafunguliwa tangu Jumatatu asubuhi.

Kwa nini ukurasa unaosema waziwazi kwamba duka limefungwa uhesabiwe kuwa ni bidhaa?

Jibu langu la kwanza lilikuwa kwamba roboti ya Google, programu inayopita kwenye tovuti na kuzisoma, haikuelewa Kiswahili. Nililishikilia jibu hilo kwa siku kadhaa, na hata nilimweleza yaya kwa sauti ya mtu anayejua. Nikaandaa ukurasa mpya wenye Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, neno FERMÉ likiwa kubwa kuliko kitenge chenyewe, nikauweka akiba kwa safari nyingine. Nilidhani tatizo ni maneno, na kwamba ukiyaweka mengi na makubwa, mashine itaelewa mwishowe. Ningeweza kuongeza Kibemba na Kiluba, na mambo yangebaki vilevile.

Nilijua kosa langu usiku mmoja, nilipoujaribu ukurasa ule kwenye kompyuta yangu. Sikuufungua kwa kivinjari, niliandika amri ya curl -I na anwani yake. Amri hiyo haionyeshi picha wala maandishi ya ukurasa, inaonyesha tu yale ambayo seva inasema kabla ya kuutoa. Mstari wa kwanza ulikuwa huu: HTTP/1.1 200 OK. Yaani, kila kitu kiko sawa, ulichokiomba ndicho hiki.

Mtume mtoto akanunue sukari kwenye duka la kona. Anarudi na kifurushi cha gazeti kilichofungwa vizuri. Unamuuliza, "Umepata?" Anajibu, "Nimepata." Unafungua, ndani kuna kikaratasi: "Sukari imeisha, rudi kesho." Mtoto hakudanganya. Aliomba sukari, mwenye duka akamkabidhi kitu akamwambia "haya, chukua, ni sawa", naye akarudi na neno hilohilo. Sasa fikiria mtoto huyo anazungukia maduka elfu, na kazi yake ni kuandika kwenye daftari kila duka lina nini. Kwenye mstari wa "sukari" atafuta bei aliyoiandika wiki iliyopita, aandike kilichokuwa kwenye kifurushi: "Sukari imeisha, rudi kesho." Atafanya hivyohivyo kwenye mstari wa chumvi, wa sabuni na wa mafuta, kwa sababu kila alipoomba alipewa kikaratasi kilekile na kuambiwa ni sawa.

Lau mwenye duka angesema kwa mdomo wake "tumefunga kwa muda, rudi baada ya saa moja", mtoto angerudi mikono mitupu, na daftari lingebaki na bei ya wiki iliyopita. Maneno hayo kwa lugha ya seva ni namba 503. Kikaratasi bado unaweza kukitoa, kirefu na kizuri upendavyo, kwa ajili ya binadamu anayekifungua. Ila namba hutangulia.

Niseme kwa haki kwamba Google hujaribu kunusa kifurushi. Ikiona ukurasa umejibu 200 lakini ndani unaonekana kama wa hitilafu, huuita 404 laini na kuuweka kando. Hiyo ni kubahatisha kwa mashine, na kwangu ilibahatisha vibaya.

Namba zenyewe ni tarakimu tatu, na ya kwanza inataja ukoo: 2 ni mafanikio, 3 ni "nenda kwingine", 4 ni kasoro ya aliyeomba, 5 ni kasoro ya seva. Mtindo huo ni mkubwa kwa umri kuliko wavuti. Kanuni za barua pepe za 1982 zilikuwa nao tayari. 404 husema kitu hakipo hapa, bila kuahidi wala kukana kwamba kitarudi. 410 husema kiliondolewa, usisumbuke tena. Kuna hadithi kwamba 404 ilikuwa namba ya chumba huko CERN, maabara ya fizikia ya Uswisi, wavuti ilipozaliwa. Robert Cailliau, Mbelgiji aliyefanya kazi na Tim Berners-Lee, mbunifu wa wavuti, aliikanusha. Ya 418, kinyume chake, ni ya kweli: tarehe 1 Aprili 1998 ilitolewa kanuni ya mzaha ambamo birika la chai linaloombwa kupika kahawa hujibu 418, mimi ni birika. Kanuni rasmi ya 2022 imeitengea namba hiyo nafasi yake, isitumiwe kwa kazi nyingine.

Turudi kwenye aibu yangu. Duka la yaya linaendeshwa na WordPress. Programu hiyo inapojisasisha huweka faili dogo liitwalo .maintenance, na mgeni hukuta sentensi moja kavu kwamba tovuti haipatikani kwa muda mfupi. Ukurasa huo hauna sura, lakini kimyakimya hutuma 503 pamoja na ujumbe wa kurudi baada ya sekunde 600. Ukitaka wa kwako, unaweka faili la maintenance.php ndani ya folda ya wp-content. Ndivyo nilivyofanya. Nilichokuwa sikijui ni kwamba ukileta faili lako umebeba mzigo wote, namba ikiwemo. Programu hulisoma na kuishia hapo, haikuongezei 503, na PHP, lugha ambayo faili hilo limeandikwa, isipoambiwa namba hujibu 200. Ule ukurasa mbaya ulikuwa mkweli. Nikauondoa, nikaweka mrembo mwongo.

Dawa ni mistari miwili mwanzoni kabisa mwa faili, kabla ya herufi yoyote ya ukurasa: http_response_code(503), na header('Retry-After: 3600'), ambapo 3600 ni sekunde, yaani saa moja. Huo wa pili ni ombi, si amri; roboti inaweza kurudi itakapo. Na 503 si ya kuachia. Siku moja au mbili hazina neno, lakini ikiendelea siku nyingi Google huanza kuziondoa kurasa, kama mtoto aliyechoka kugonga mlango uleule.

Mtego kama wangu uko pia kwenye Apache, programu inayoendesha seva nyingi, na huu naupenda kwa udogo wake. Ukiandika ErrorDocument 404 /samahani.html, mgeni anapata ukurasa wako na 404 yake. Ukiandika anwani kamili inayoanza na https://, hata kama ni ya duka lilelile, Apache humwambia mgeni "nenda mlango ule", na kwenye mlango ule kuna ukurasa unaofunguka vizuri kwa 200. Kwa macho hutaona tofauti yoyote.

Ukubwa nao uliwahi kuwa na kisa. Internet Explorer, kivinjari cha zamani cha Microsoft, ilikuwa ikipokea ukurasa wa hitilafu ulio chini ya baiti 512 inautupa na kuonyesha wake, ikiamini ni wa msaada zaidi. Waandishi wa tovuti wakawa wanajaza maneno yasiyoonekana ili ukurasa unenepe.

Kuhusu mapambo sina mengi. Amazon huweka picha za mbwa kwenye kurasa zake za hitilafu. Wapo wanaosema ukurasa wa kuchekesha huokoa mauzo, na mara nyingi ndio haohao wanaouza kurasa za kuchekesha. Kwenye duka la vitenge, ambako muundo ukiisha ndiyo umeisha, ukurasa wa 404 wenye kisanduku cha kutafutia na namba ya simu unatosha. Wa matengenezo usiuvutie picha wala rangi kutoka kwenye hifadhidata inayotengenezwa. Hiyo ni kufungia tochi ndani ya stoo yenye giza.

Mwezi uliofuata nilifunga duka tena, usiku mmoja. Asubuhi nikasoma kumbukumbu za seva: roboti ilikuwa imepita saa tisa usiku, ikaomba kurasa kumi na mbili, na mbele ya kila moja kuliandikwa 503. Kwenye Google vitenge vilibaki na majina yao. Nikamwonyesha yaya ukurasa wenyewe kwenye simu yangu, akautazama kidogo, akasema ile buluu imepauka, kitenge chenyewe si hivyo.