James Tiptree Jr.: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Mwandishi Aliyedhaniwa Kuwa Mwanamume

Kuanzia mwaka 1968 hadi mwishoni mwa 1976, wasomaji wa hadithi za kubuni za kisayansi nchini Marekani walimfahamu mwandishi aliyeitwa James Tiptree Jr. kwa hadithi zake fupi, kwa barua zake za kirafiki, na kwa sanduku la posta katika mji wa McLean, jimbo la Virginia, lakini wahariri na wasomaji hao hawakuwahi kumtia machoni. Mwandishi huyo alikuwa Alice Bradley Sheldon, aliyezaliwa Chicago tarehe 24 Agosti 1915. Tangu siri yake ilipofichuka, maisha yake yamesimuliwa mara nyingi, na kila yanaposimuliwa upya yanazidi kufanana na mojawapo ya hadithi alizozitunga. Mengi yanayosemwa yana chembe ya ukweli ndani yake, na ndiyo maana ni vigumu kuyasahihisha.

Wengi huamini kwamba Tiptree alikuwa mtu wa kubuniwa tangu utosini hadi unyayoni, yaani kwamba Sheldon aliketi akatunga maisha ya mwanamume ambaye hakuwahi kuwapo, kisha akawalisha marafiki zake uongo kwa miaka tisa. Barua zenyewe zinaonyesha vingine. Tiptree aliwaeleza walioandikiana naye kwamba alikulia Chicago, kwamba utotoni alisafiri Afrika pamoja na wazazi waliopenda safari za mbali, kwamba alitumikia jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na kwamba baadaye alifanya kazi serikalini. Yote hayo yalimtokea Alice Sheldon. Jina pekee ndilo lililokuwa la kuazima, alilolitwaa mwaka 1967 kutoka kwenye chupa ya jamu ya machungwa dukani, na mumewe, Huntington Sheldon, akaliongezea herufi mbili za mwisho. Wasomaji walipokutana na jina la kiume, na mambo ya jeshi, ndege na uwindaji, walijaza wenyewe sehemu iliyobaki.

Kosa hilo la kujaza pengo halikufanywa na wasomaji wa kawaida peke yao. Mwaka 1975 mwandishi mashuhuri Robert Silverberg aliandika utangulizi wa mkusanyiko wa hadithi za Tiptree, akazungumzia tetesi kwamba huenda Tiptree ni mwanamke, akazitupilia mbali kwa hoja kwamba uandishi ule ulikuwa na uanaume usioweza kufichika. Hoja hiyo bado ina wafuasi, ingawa siku hizi husemwa kwa upole zaidi: kwamba jinsia ya mwandishi huonekana katika sentensi zake, katika ufupi wake, katika namna anavyoeleza silaha au mashine. Lakini Sheldon alijua mambo ya jeshi kwa sababu alijiunga nalo mwaka 1942, akafundishwa kuchambua picha zilizopigwa kutoka angani, na akapanda hadi cheo cha meja. Alijua ofisi za serikali kwa sababu alizifanyia kazi. Alijua bunduki na misafara ya uwindaji kwa sababu alivishuhudia akiwa mtoto. Kilichoitwa uanaume kilikuwa uzoefu, na kwa bahati mbaya uzoefu huo ulikuwa umefungiwa wanaume kwa muda mrefu hivi kwamba watu walidhani ni sehemu ya maumbile yao. Silverberg alipoujua ukweli alikiri hadharani na kwa ungwana kwamba alikuwa amekosea.

Kisa kingine cha miaka hiyo hakisimuliwi mara nyingi, nami naona kinafundisha zaidi kuliko kile cha Silverberg. Katika mjadala wa maandishi kuhusu wanawake na bunilizi za kisayansi, uliochapishwa mwaka 1975 katika jarida dogo la wapenzi wa fani hiyo, Tiptree alialikwa kama mwanamume mwenye huruma. Baadhi ya wanawake walioshiriki hawakupendezwa na michango yake, na ikafika hatua ya kumwomba ajitoe. Kwa hiyo jina lililompa heshima mbele ya wahariri ndilo lililomnyima haki ya kusikilizwa alipozungumzia mambo aliyoyaishi.

Hapa ndipo inapoingia dhana kwamba Sheldon alijificha nyuma ya jina la kiume kwa sababu mwanamke hakuweza kuchapishwa katika fani hiyo. Ubaguzi ulikuwapo, na si busara kuupuuza. Hata hivyo wanawake walikuwa wakichapishwa kwa majina yao wenyewe. Judith Merril alikuwa mwandishi na mhariri mwenye sauti kubwa tangu miaka ya 1950. Kate Wilhelm na Joanna Russ walikuwa wakiandika, na mwaka 1970 Ursula K. Le Guin alishinda Tuzo ya Hugo, mojawapo ya tuzo kubwa za fani hiyo, kwa riwaya bora. Sababu za Sheldon zilikuwa za karibu zaidi na maisha yake. Mwaka huohuo wa 1967 alikuwa amepata shahada ya uzamivu katika saikolojia ya majaribio kutoka Chuo Kikuu cha George Washington, na hakutaka wanataaluma wenzake wajue kwamba anatunga hadithi za sayari na viumbe vya mbali. Isitoshe, alikuwa amechoka kuwa mwanamke wa kwanza au wa pekee katika kila kazi aliyoishika, akitazamwa kabla ya kusikilizwa. Jina la kiume lilimpa nafasi ya kupita bila kutazamwa.

Uchovu huo wa kutazamwa ulianza mapema. Mwaka 1921, akiwa na umri wa miaka sita, alichukuliwa na wazazi wake, wakili Herbert Bradley na mwandishi Mary Hastings Bradley, katika msafara wa Carl Akeley, mwandaaji wa maonyesho ya wanyama katika Jumba la Makumbusho ya Historia ya Asili la New York, uliokwenda Kongo ya Wabelgiji kutafuta sokwe wa milimani kwenye volkano za eneo la Kivu. Sokwe kadhaa waliuawa na kusafirishwa kwa ajili ya maonyesho, na safari hiyo ilimfanya Akeley kuwa mtetezi wa hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925, ambayo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Virunga. Mama alitunga vitabu viwili vya watoto vyenye binti yake kama mhusika mkuu, cha kwanza mwaka 1927 na cha pili 1929, hivyo Alice alikuwa mtu wa kusomwa na umma kabla hajachagua mwenyewe kuandika.

Kutokana na safari hizo watu hupenda kusema kwamba Afrika ilimfundisha kutunga viumbe wa kigeni, kana kwamba Wakongo waliobeba mizigo ya msafara ule walikuwa vielelezo vya wakazi wa sayari nyingine. Naikataa dhana hii kwa nguvu zote, kwa sababu inaidhalilisha Kongo na pia inazisoma vibaya hadithi zenyewe. Katika milima ile mgeni alikuwa Alice. Wenyeji walikuwa kwao. Na katika hadithi zake bora wanadamu ndio wanaojikuta ugenini, hawajui sheria za mahali walipo, na kiburi chao hakiwasaidii chochote. Katika hadithi yake moja ya mwaka 1972, iliyowekwa kwenye kituo cha angani, wanadamu wanawatamani viumbe waliowazidi maendeleo, wanawakimbilia, wanajidhalilisha mbele yao, na wanaacha kila kilicho chao hadi wanajimaliza. Aliyewahi kusoma historia ya ukoloni ataitambua hali hiyo bila kuelekezwa, isipokuwa kwamba safari hii Mmarekani ndiye aliyewekwa upande wa wanaotawaliwa.

Kuhusu kazi yake katika CIA, shirika la ujasusi la Marekani, habari zimevimba kuliko inavyostahili. Kwa kuwa aliishi kwa jina la bandia na kutumia sanduku la posta, watu huunganisha mambo na kumfanya jasusi aliyehamishia mbinu zake kwenye fasihi. Alijiunga na shirika hilo mwaka 1952, akaliacha mwaka 1955, na ujuzi aliokwenda nao ulikuwa uleule wa kusoma picha za angani alioupata jeshini. Miaka hiyo ilikuwa michache ikilinganishwa na ile aliyoitumia katika uchoraji, ufugaji wa kuku huko New Jersey pamoja na mumewe, na hatimaye masomo ya chuo kikuu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yaliyoiacha alama kubwa zaidi katika hadithi zake. Utafiti wake ulihusu namna wanyama wanavyoitikia vitu vigeni katika mazingira tofauti, na swali hilohilo, la kiumbe aliyewekwa mbele ya kitu asichowahi kukiona, linarudi katika hadithi moja baada ya nyingine.

Inasemwa pia kwamba alianza kuandika uzeeni, ghafla, akiwa na miaka 52. Hadithi yake ya kwanza ya kisayansi ilichapishwa katika jarida la Analog mwezi Machi 1968, na huo ni ukweli. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1940 alikuwa mhakiki wa sanaa wa gazeti la Chicago Sun, na mwezi Novemba 1946 jarida la The New Yorker lilichapisha hadithi yake fupi kuhusu watu waliong'olewa makwao na vita. Kwa hiyo Tiptree alipojitokeza akiwa amekomaa tayari, ukomavu huo ulikuwa na miaka mingi ya mazoezi nyuma yake.

Wapo wanaomsifu kwa utabiri. Hadithi yake ya 1973, The Girl Who Was Plugged In, iliyopata Tuzo ya Hugo mwaka uliofuata, inamhusu msichana mwenye mwili ulioumbuliwa na ugonjwa, anayefungiwa chini ya ardhi na kuunganishwa na mitambo ili auendeshe kutoka mbali mwili mwingine, mzuri na mchanga, katika dunia ambamo matangazo ya biashara yamepigwa marufuku na kampuni huuza bidhaa kwa kuwaonyesha watu maarufu wakizitumia. Msomaji wa leo anaona mitandao ya kijamii, na ni rahisi kumwita mwandishi nabii. Mimi naona kitu kingine: mwanamke aliyepigwa picha na kuandikwa vitabuni tangu utotoni, aliyekuwa akiishi kwa mwili mmoja na kupendwa kwa jina la mwili mwingine. Aliandika alichokijua, na kwa kuwa alikiandika kwa uaminifu, kimeendelea kuwahusu watu wengine.

Baadhi ya wasomaji huzichukulia hadithi fupi kuwa mazoezi ya kuelekea riwaya. Kwa Tiptree kipimo hicho hakifai kabisa. Alichapisha riwaya mbili tu, mwaka 1978 na 1985, na sifa yake yote ilijengwa kabla ya hapo na hadithi ambazo nyingine zinasomwa kwa kikao kimoja. Hadithi yake maarufu kuliko zote, ya mwaka 1973, kuhusu mama na bintiye wanaoamua kuondoka na viumbe wa sayari nyingine kuliko kuendelea kuishi pembezoni mwa dunia ya wanaume, inasimuliwa na mwanamume asiyeelewa anachokiona. Ingeongezwa kurasa, mwanamume huyo angepata muda wa kuelewa, na nguvu yote ingepotea. Sheldon aliiondoa hadithi hiyo katika kinyang'anyiro cha Tuzo ya Nebula, tuzo nyingine kubwa ya fani hiyo, kwa kuwa hakutaka kusifiwa kama mwanamume aliyewaelewa wanawake ilhali si mwanamume. Wanaomwita laghai wanapaswa kulitia jambo hilo kwenye mizani.

Kufichuliwa kwake nako hakukuwa njama ya mwandishi wa habari wala kisasi cha adui. Mwezi Oktoba 1976 mama yake alifariki, na Tiptree akawaandikia baadhi ya marafiki kwamba amefiwa na mama aliyekuwa msafiri wa siku nyingi huko Chicago. Taazia gazetini ilimtaja binti mmoja tu. Jeffrey Smith, rafiki yake wa barua aliyehariri lile jarida la mjadala, alimwandikia na kumuuliza waziwazi, naye akakiri. Kisha akamwandikia Le Guin yeye mwenyewe, akihofia kwamba urafiki wao ungevunjika, nao haukuvunjika.

Tangu hapo imekuwa desturi kusema kwamba baada ya siri kutoka kipaji chake kilikufa. Aliona ugumu kuandika, na wahakiki wengi huzipenda zaidi kazi za awali. Hata hivyo, hadithi aliyoichapisha mwaka 1977 kwa jina lake jingine la bandia, Raccoona Sheldon, kuhusu maradhi yanayowafanya wanaume wawaue wanawake huku wakiamini kwamba wanamtii Mungu, ilishinda Nebula, na mkusanyiko wake wa hadithi za pwani ya Yucatán nchini Mexico ulipata Tuzo ya World Fantasy mwaka 1987.

Mwezi Mei mwaka huohuo alimwua mumewe, aliyekuwa na umri wa miaka 84 na karibu kupofuka, kisha akajiua. Tukio hilo husimuliwa kama mapatano ya wapendanao, na ni kweli kwamba Sheldon aliwahi kuandika kuhusu makubaliano ya aina hiyo. Lakini Huntington alikuwa usingizini, na mtu aliyelala hawezi kusemewa kwamba alikubali saa ile. Ilikuwa sahihi, kwa maoni yangu, kwamba mwaka 2019 waandalizi wa tuzo iliyoanzishwa mwaka 1991 kwa jina la Tiptree waliwasikiliza watu wenye ulemavu na wengine waliohoji jina hilo, wakaibadilisha ikawa Tuzo ya Otherwise. Kubadilishwa kwa jina la tuzo hakukuwa hukumu ya kumfuta mwandishi, kama wengine walivyodai wakati ule. Hadithi zake bado zinachapishwa, na anayetaka kuzianza hana haja ya riwaya zile mbili: mkusanyiko wa hadithi zake teule uliotolewa mwaka 1990, Her Smoke Rose Up Forever, una karibu zote nilizozitaja hapa.