Kache ya kurasa na ukaguzi wa uzima wa data

Kache ya kurasa ni sehemu ya RAM ambamo kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo endeshi, huweka data za faili zilizosomwa au kuandikwa karibuni, kwa vipande viitwavyo kurasa, ambavyo kwa kawaida ni vya KiB 4 (baiti 4,096). Ombi likikuta data yake humo, hujibiwa bila diski kuguswa.

Mifumo inayosambaza data kwenye seva nyingi huwa pia na mkaguzi wa chinichini, anayesoma upya kila kipande na kukilinganisha na namba yake ya uhakiki (checksum), iliyokokotolewa kutokana na data yenyewe. Mifano ya mifumo hiyo ni HDFS na Ceph. Kwa mipangilio ya awali, HDFS hulenga kumaliza mzunguko kwa wiki 3. Ceph hulenga ukaguzi wa kina kila siku 7. Ni kazi ya lazima, kwa sababu diski huweza kuharibu data bila kutoa kosa lolote.

Lakini mkaguzi husoma mara moja tu, harudi. Terabaiti zake zikipita kwenye kache, huziondoa kurasa ambazo wateja, yaani programu zinazoomba data, wangezihitaji muda mfupi baadaye. Kerneli hujitetea kiasi, maana ukurasa uliosomwa mara moja hutolewa mapema kuliko uliorudiwa. Ila ukurasa wa mteja unaosubiri kusomwa mara ya pili nao huondoka humo humo. Kupunguza kasi ya mkaguzi huipa diski nafuu; kache huendelea kumomonyoka, polepole tu.

Dawa iliyozoeleka ni kuita posix_fadvise kwa DONTNEED, wito unaoiambia kerneli kuwa data hizo hazihitajiki tena kwenye kache, kila baada ya kusoma kipande. Ina kasoro: haiulizi nani aliuleta ukurasa, hivyo huweza kufuta hata ule ambao mteja alikuwa akiutumia.

Kuna jambo zito zaidi, nalo husahaulika mno. Kama ukurasa tayari uko kwenye kache, mkaguzi hupewa nakala ya RAM. Namba zinalingana, ripoti inasema salama, na sekta iliyooza kwenye diski haijasomwa kabisa! Data zinazotumika sana ndizo zinazokumbwa zaidi na upofu huu. Ndiyo maana mimi napendelea O_DIRECT, chaguo la kufungulia faili, inayosoma diski yenyewe bila kujaza kache. Masharti yake ni kupanga bafa (eneo la RAM la kupokelea data) na mianzo ya usomaji kulingana na bloku za diski, na kusoma vipande vikubwa, kwa sababu kerneli haitakusomea mbele, yaani haitaleta data zinazofuata kabla hujaziomba.