Mnapanda Kilimanjaro kikundi? Haya ndo maswali ninayoulizwa sana

Swali: Kichwa kinauma toka tufike kambi ya Horombo, nikisema si nitarudishwa?

Sema tu, tena mapema. Horombo ni kama mita 3,700 na hewa ishakuwa nyepesi, kwa hiyo kichwa kuuma ni kawaida kwa wengi, unapumzika, unakunywa maji, hupandi tena mpaka kitulie. Wanaonitia hofu ni wale wanaoficha. Mtu kachangiwa hela na wenzake ofisini, anaona aibu, ananyamaza mpaka kambi ya Kibo huko juu kama mita 4,700, sasa hapo anatapika na hawezi hata kufunga kamba za viatu.

Swali: Tutajuaje kama hali ya mgonjwa imekuwa hatari?

Mwambie atembee mstari ulionyooka, kisigino kiguse vidole vya mguu wa nyuma, kama hatua kumi hivi. Akiyumba kama mlevi, au anaongea vitu havieleweki, ubongo unavimba. Akihema sana hata akiwa amekaa, anakohoa, kifua kinakoroma, ni maji kwenye mapafu. Hapo msisubiri asubuhi jamani, mshusheni saa hiyohiyo hata kama ni saa nane usiku, kutoka Kibo mpaka Horombo kimo kinapungua kama mita 1,000 na huko chini wengi hupata nafuu. Oksijeni na Diamox (vidonge vya ugonjwa wa mwinuko) zinasaidia lakini hazichukui nafasi ya kushuka.

Swali: Mwenzetu alikuwa anatetemeka sana, sasa ameacha, si amepata joto?

Angalieni vizuri! Kama ameacha kutetemeka huku amelegea, anasinzia, maneno yanaburuzika, baridi imemzidi. Mvueni nguo zilizolowa, mvalisheni kavu na kofia, wekeni kitu chini yake maana ardhi inanyonya joto, halafu mwingizeni kwenye begi la kulalia. Kama yuko macho na anameza vizuri mpeni chai ya moto yenye sukari nyingi. Pombe hapana, na msimsugue mikono wala miguu. Halafu ombeni msaada wa kumshusha.

Swali: Mmoja anatuchelewesha, tumwache na mgumu (mpagazi) mmoja sisi tuendelee?

Mimi nasema mwendo uwe wa yule wa mwisho. Gawaneni wawiliwawili toka getini, kila mtu amjue mwenzake amekula nini na amekojoa lini, maana huko juu njaa inapotea kabisa na mtu anaweza kushinda na biskuti mbili tu. Ikibidi mmoja ashuke, asishuke peke yake kamwe, ashuke na mwongozaji, na yule mwenzake wa jozi abebe maji na koti lake.