Kila Krimu Ina Rangi Mama: Ninavyochagua Rangi Tulivu ya Ukuta

Kazi yangu ni kuwasaidia watu kuchagua rangi za ndani ya nyumba, na ombi ninalolisikia mara nyingi kuliko yote ni hili: "Nataka rangi tulivu, isiyopiga kelele, lakini isiwe ya baridi." Ni ombi zuri, na ni gumu, kwa sababu rangi tulivu ndizo zinazogeuka zaidi zikifika ukutani. Bluu iliyokolea itabaki bluu popote utakapoipaka. Krimu inaweza kuwa ya manjano chumba hiki, ya waridi chumba cha pili, na nyeupe iliyochakaa chumba cha tatu, na zote zimetoka kwenye ndoo moja.

Hutokea hivyo kwa sababu hakuna rangi tulivu isiyo na asili. Krimu, beji, rangi ya mchanga, rangi ya kitani, kijivu chenye joto: kila moja ni rangi kali iliyopozwa kwa weupe mwingi na ukahawia au weusi kidogo. Chini yake kuna njano, au chungwa, au nyekundu, au hata kijani. Mimi naiita rangi mama. Kwenye kadi ndogo ya sampuli unayopewa dukani huioni, maana imefunikwa. Ikitandazwa kwenye kuta nne, inajitokeza. Kwa hiyo kabla sijauliza kama rangi ni nyepesi au nzito, nauliza kwanza: mama yake nani?

Jibu lipo kwenye mashine ya kuchanganyia rangi. Fundi wa dukani huanza na kopo la rangi nyeupe, ambayo weupe wake hutokana na unga mweupe uitwao titani dioksidi. Kisha mashine inadondosha matone ya rangi zilizokolea, na kwa familia hii mengi ya matone hayo ni oksidi za chuma: njano ya oka (udongo wa manjano), nyekundu ya kutu, na kahawia ya giza iitwayo amba, ambayo ndani yake mna madini ya manganizi pia. Oka peke yake ndani ya nyeupe hutoa krimu. Ongeza nyekundu kidogo, inasogea kuelekea waridi. Ongeza amba, inatulia na kuwa rangi ya mchanga au ya jiwe. Nyeupe ikichanganywa na nyeusi ya kaboni tu hutoa kijivu kinachoelekea bluu, ndiyo maana vijivu vingi hukifanya chumba kionekane cha baridi; weka amba mahali pa nyeusi hiyo, na kijivu chako kinapata joto. Maduka mengi hubandika juu ya kopo stika inayoonyesha kilichodondoshwa na kwa kiasi gani. Alama zake hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, lakini mwombe anayechanganya akusomee. Ni sekunde chache tu, na zinakueleza mengi kuliko jina la kuvutia lililoandikwa kwenye kadi.

Niongeze kwamba asili ya oksidi hizi ni udongo wenyewe, na binadamu amezitumia tangu zamani sana. Katika pango la Blombos, Afrika Kusini, wanaakiolojia wamekuta vifaa vya kusagia na kuchanganyia oka vyenye umri wa miaka 100,000 hivi. Nalitaja kwa sababu lina faida kwako leo: oksidi za chuma hazipauki ovyo kwa jua. Rangi tulivu iliyojengwa juu yake ni miongoni mwa zile zinazodumu vizuri ukutani.

Kama huna stika, kuna njia za kumtambua mama kwa macho. Weka kadi juu ya karatasi nyeupe kabisa, karibu na dirisha lakini si juani. Ulichodhani ni nyeupe kitaonekana ghafla kuwa cha manjano, cha waridi au cha kijani. Jihadhari kidogo: karatasi ya printa huwa na kemikali za kuing'arisha zinazoipa ubluu, kwa hiyo inauzidisha umanjano wa kitu kilicho jirani. Itumie kumtafuta mama, usiitumie kuamua. Njia ya pili ni kutazama mwisho wa ukanda wa kadi, pale penye rangi iliyokolea zaidi. Kwa kawaida rangi za ukanda mmoja ni za ukoo mmoja, na pale chini asili haijifichi. Njia ninayoiamini kuliko zote ni kuziweka krimu tatu au nne bega kwa bega. Ikiwa peke yake, kila moja inaonekana haina upande. Zikikaa pamoja zinasemana.

Kusemana huko kulielezwa vizuri na mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi hazikolei. Alipochunguza aliona kwamba tatizo halikuwa kwenye rangi ya nyuzi bali kwenye rangi zilizopakana nazo. Alichapisha kazi yake mwaka 1839, na kanuni yake ingali inafanya kazi sebuleni kwako: rangi mbili zikipakana, kila moja huisukuma mwenzake kuelekea kinyume chake. Sakafu nyekundu huufanya ukuta wa kijivu-kahawia uonekane una ukijani. Pazia la bluu huichochea krimu iwe ya chungwa zaidi. Hakuna aliyegusa kopo, lakini rangi imebadilika.

Ndiyo maana siichagui rangi ya ukuta kwanza. Naanza na vile ambavyo havitabadilishwa: sakafu, vigae, milango ya mbao, makabati, na jiwe kama lipo. Hivi navyo vina mama zao. Vigae vingi vya beji vina umanjano au uwaridi, na mbao nyingi zilizopigwa vanishi zina uchungwa. Kosa ninaloliona mara nyingi ni beji yenye mama wa waridi kuwekwa juu ya vigae vyenye mama wa njano. Zimekaribiana mno kiasi cha kuonekana zilikusudiwa kufanana zikashindwa, na vigae huonekana vichafu hata vikioshwa kila siku. Afadhali ukuta na sakafu viwe na mama mmoja na kukolea tofauti, au vitofautiane waziwazi kiasi kwamba hakuna atakayedhani ulitafuta kufananisha.

Kila mama ana tabia yake. Njano ni mchangamfu na husaidia chumba chenye mwanga hafifu wa bluu, ila jua la moja kwa moja humzidisha haraka. Waridi huipendezesha ngozi ya mtu, nami napenda kumtumia vyumba vya kulala, lakini ndiye anayewashtua watu wengi: wamenunua beji, wamepata waridi. Kijani ndiye mtulivu kuliko wote kwenye mwanga mzuri wa mchana. Chini ya taa mbovu huonekana mgonjwa. Mama wa amba ndiye ninayemwendea nisipokuwa na uhakika, kwa sababu huvumilia majirani wengi.

Nimegusia taa, na hapa niwe mkali kidogo: chagua balbu kabla ya rangi. Ukuta hauna mwanga wake, unarudisha tu ule uliopewa. Balbu ya kelvini 2700 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga, kiko kwenye boksi) hutoa mwanga wa dhahabu unaoongeza joto juu ya joto, kiasi kwamba krimu ya manjano inaweza kukolea kupita kiasi usiku. Ya 4000 iko katikati. Ya 6500 ina ubluu, na chini yake rangi nyingi za joto hufifia na kuonekana za majivu. Kisha tazama namba ya pili kwenye boksi, ile ya uaminifu wa rangi, yenye alama ya Ra au CRI. Balbu za kawaida zina 80 hivi. Mimi nashauri 90 au zaidi kwa vyumba vya kukaa, kwa sababu balbu zenye namba ndogo huwa na upungufu katika wekundu uliokolea, na wekundu huo ndio uhai wa rangi za joto. Unaweza kupaka rangi sahihi kabisa na kuiua kwa balbu.

Mwanga wa dirishani una kanuni zake pia. Kaskazini mwa dunia, chumba kinachotazama kaskazini hupata mwanga wa anga tu, wa baridi na usiobadilika sana. Kusini mwa dunia ni kinyume chake. Karibu na ikweta jua huhama upande kwa upande kulingana na miezi, kwa hiyo cha kufikiria zaidi ni mashariki na magharibi. Chumba cha magharibi hupokea jua jekundu la jioni, na huko napunguza umanjano. Angalia pia kilichoko nje. Miti mingi au nyasi mbele ya dirisha hurusha ukijani hadi darini.

Kuta nazo hurushiana mwanga. Mwanga ukigonga ukuta wa krimu unachukua ukrimu, unagonga ukuta wa pili na kuchukua mwingine. Hivyo rangi ukutani huonekana imekolea kuliko kwenye kadi. Mteja akipenda kadi fulani, mara nyingi namshusha hatua moja kwenye iliyofifia zaidi, na chumba kikikamilika kinafanana na kile alichokiona mkononi.

Kuhusu wepesi wa rangi, kadi nyingi zina namba yenye herufi LRV, ya 0 hadi 100, inayoonyesha ukuta unarudisha mwanga kiasi gani. Ukuta wa 60 hurudisha asilimia 60 ya mwanga unaoufikia. Nyeupe za joto huwa juu ya 80. Krimu na rangi za mchanga nyingi ziko kati ya 55 na 75. Watu hudhani chumba cha giza kinahitaji namba ya juu kabisa. Sikubaliani. Rangi haizalishi mwanga, na nyeupe iliyokosa mwanga huonekana kijivu cha huzuni. Katika chumba kama hicho nachukua 50 hadi 60, yenye mama anayeonekana, ili ukuta uwe na rangi ya kuonyesha hata wakati wa mawingu.

Majaribio usiyafanye juu ya ukuta wa zamani, kwa sababu rangi iliyopo itaisukuma mpya. Chukua ubao au kadibodi kubwa, upana wa nusu mita si mwingi. Upake mara mbili, uache ukauke kabisa, maana rangi ya maji nyingi hukolea ikikauka. Uusimamishe wima, usiulaze, ukutani karibu na sakafu, kisha uuhamishe kona kwa kona asubuhi, mchana, na usiku taa zikiwaka. Usiamue kwa picha ya simu: kamera hurekebisha weupe yenyewe, na joto unalolitafuta ndilo inalolifuta kwanza.

Kumaliza kwa mati, yaani kusikong'aa, huonyesha rangi kwa uaminifu zaidi na huficha kasoro za plasta. Kunakong'aa huoshwa kwa urahisi lakini huakisi taa. Dari na fremu zipe nyeupe yenye mama yuleyule, kwani nyeupe yenye ubluu kando ya krimu huifanya krimu ionekane imezeeka. Kama fremu zitapakwa rangi nyeupe ya mafuta, kumbuka kwamba huwa ya manjano kadiri miaka inavyopita, hasa mahali pasipopata mwanga. Nunua makopo yote kwa mara moja, hakikisha namba ya toleo ni ileile, na mwambie fundi ayachanganye kwenye ndoo moja kubwa kabla ya kuanza.