Seli hai ndani ya kidonge: kupepeta ujumbe uliomfikia shangazi

Shangazi yangu wa Mlingotini, hapa Bagamoyo, hupokea ujumbe wa WhatsApp kama anavyopokea wageni: anayebisha hodi anakaribishwa, na akishakaa mkekani haulizwi katoka wapi. Juzi aliniita.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Njoo unisomee hiki kitu, maandishi yenyewe kama mchanga."

Ujumbe ulitangaza "vidonge vya seli hai". Vimetengenezwa kwa mwani, unasema, vinakaa miaka bila kuharibika, vinakwenda moja kwa moja kwenye kongosho na kumaliza sukari ndani ya siku arobaini. Shangazi ana sukari mwaka wa tisa huu, na mwani anaulima tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Ujumbe ulimshika pande zote mbili.

Uongo mtupu ni rahisi kuujibu. Huu ulikuwa na ukweli ndani yake, kama mchele wenye chuya, kwa hiyo tukakaa barazani kupepeta dai moja moja, yale ya ujumbe na yale yanayosemwa kandokando yake.

"Seli zimefungwa humo, hakuna kinachoingia wala kutoka"

Kufunga seli hai ndani ya ganda si hadithi. Mwaka 1957 Thomas Chang, akiwa bado mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha McGill huko Kanada, alianza kutengeneza vifuko vidogo mno vyenye utando, akaviita seli bandia. Ila watu wakisikia "kidonge" wanafikiria kapsuli ya dawa, ile ya rangi mbili yenye unga ndani. Unga wa dawa hauli wala haupumui. Seli inafanya yote mawili, na ukiiziba kabisa umeizika.

Nilimwambia shangazi afikirie dema, ule mtego wa samaki wa kusukwa. Maji yanapita, vidagaa vinapita, samaki mkubwa anabaki ndani, na papa aliye nje hamfikii. Ganda la seli linatakiwa liwe hivyo: oksijeni na sukari ziingie, taka na kile seli inachotengeneza vitoke, askari wa kinga ya mwili wabaki nje. Kazi yote iko kwenye ukubwa wa matundu. Tena kuna tatizo ambalo dema halina, maana oksijeni haisafiri mbali ndani ya jeli. Seli ikikaa zaidi ya takriban sehemu mbili za kumi za milimita kutoka kwenye chanzo cha oksijeni, inaanza kukosa pumzi. Ndiyo maana katika punje nene zilizojaa seli, zile za katikati ndizo hufa kwanza.

"Vinatengenezwa kwa mwani wetu huuhuu"

Hapa shangazi alikaa sawa, maana hili ni lake.

Jibu ni ndiyo, na siyo. Dutu inayotumika zaidi kufunga seli inaitwa alginati, na inatoka kwenye mwani wa kahawia, jamii ya ule unaotupwa ufukweni wakati wa upepo na watu wanauruka tu. Mwani ambao akina mama wa Mlingotini wanaufunga kwenye kamba, spinosamu na kotonii, kitaalamu ni mwani mwekundu hata ukiwa na rangi ya kijani machoni, na unatoa karaginani, dutu nyingine ya kugandisha.

Lakini karaginani nayo imewahi kufanya kazi hii. Huko Japani, kampuni ya Tanabe Seiyaku ilianza mwaka 1973 kutengeneza asidi ya aspatiki, aina ya asidi amino, kwa kutumia bakteria waliofungwa ndani ya jeli ya plastiki. Baadaye, miaka hiyohiyo ya sabini, wakahamia kwenye jeli ya karaginani aina ya kapa, ambayo ndiyo hutoka kwenye kotonii. Bakteria wanabaki ndani ya jeli wakifanya kazi, malighafi inapitishwa juu yao, bidhaa inatoka upande wa pili. "Kumbe wanafungwa kibarua," akasema shangazi. Sikuwa na la kuongeza.

Ushindi wa alginati ni upole wake. Unachanganya seli na maji ya alginati ya sodiamu, unadondosha tone moja moja kwenye maji yenye chumvi ya kalsiamu, na kila tone linaganda pale pale. Hakuna moto wala sumu. Nimewahi kufanya hivyo darasani kwa bomba la sindano na hamira ile ya maandazi. Punje zilipowekwa kwenye maji ya sukari zilitulia chini kwanza, kisha moja moja zikaanza kupanda juu zikibebwa na viputo vya gesi. Wanafunzi walipiga kelele mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia. Hamira ilikuwa imefungwa na bado inakula.

"Bila ganda, seli haiwezi kutunzwa"

Hamira yenyewe inakanusha. Paketi ya hamira kavu ni mabilioni ya seli zilizolala, na hakuna aliyezivika alginati. Katika ile ya chembechembe, seli za nje zilizokufa wakati wa kukaushwa ndizo zinazowakinga wenzao wa ndani. Ndiyo maana inatakiwa kulowekwa kwanza kwenye maji ya uvuguvugu. Mwenye haraka akimimina maji ya moto anaua hata wale waliosalimika, kisha analaumu unga.

Mfano mwingine uko hapahapa mjini. Mwaka 2012 watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, kituo cha Bagamoyo, waliwadunga vijana wa kujitolea vimelea hai vya malaria vilivyotoka Marekani vikiwa vimegandishwa. Ulikuwa mpango wa kupima chanjo, chini ya uangalizi wa madaktari. Wengi wa waliodungwa walipata vimelea damuni, wakatibiwa. Vimelea vile vilivuka bahari vikiwa ndani ya baridi ya nitrojeni ya kimiminika, ambayo huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, na vilipoyeyushwa vikaamka. Havikuwa na ganda lolote la jeli, ila dawa ya kuzuia chembe za barafu zisivipasue. Friji ya nyumbani haifanyi kazi hiyo, kwa sababu inagandisha polepole na barafu yake inakata seli kama vigae.

Kwa hiyo ganda, kukausha na kugandisha ni mambo matatu tofauti. Yanaweza kuunganishwa, na kwenye hifadhi za mimea huunganishwa: ncha changa za mmea hufungwa kwenye alginati, zikakaushwa kiasi, ndipo zikazamishwa kwenye nitrojeni. Lakini ganda peke yake, kwenye joto la Bagamoyo, juu ya kabati, haliahidi miaka.

"Ukimeza, vinafika vilivyo"

Fupi: hapana. Dema halizuii maji, na jeli yenye matundu haizuii asidi ya tumbo isiingie. Alginati hujikaza kwenye asidi na kulegea ikifika kwenye utumbo, tabia inayosaidia bakteria wazuri wa aina ya mtindi kufika wakiwa wengi zaidi, hasa punje ikipakwa tabaka la pili. Inasaidia, haitoi dhamana. Na hata wakifika, wamefika utumbo. Seli ya kumeza haina njia ya kutoka utumbo ikaenda kuishi kwenye kongosho.

"Kisukari kimepata dawa"

Hapa nilipunguza utani.

Mwaka 1980 Franklin Lim na Anthony Sun walichukua vishungu vya seli za kongosho zinazotoa insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, wakavifunga kwenye alginati yenye utando wa dutu iitwayo polilisini, wakavipandikiza kwenye panya wenye kisukari. Sukari ya panya ilikaa sawa kwa wiki 2 hadi 3. Mwaka 1994 ikaripotiwa habari ya mgonjwa wa kwanza, mtu mwenye kisukari cha aina ya kwanza, aliyepandikizwa vishungu vilivyofungwa na akakaa miezi tisa bila kuhitaji insulini. Huyo alikuwa na figo ya kupandikizwa, kwa hiyo alikuwa tayari anatumia dawa za kutuliza kinga ya mwili. Hilo wauzaji huwa hawalitaji.

Tangu hapo kikwazo kikubwa ni mwili wenyewe. Unaliona ganda kama mwiba, unalizungushia kovu, na kovu linaziba matundu mpaka seli zinakosa hewa. Mwaka 2015 watafiti wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia huko Marekani, walionyesha kwamba punje kubwa, za milimita moja na nusu, hupata kovu kidogo kuliko zile ndogo. Sasa rudi kule kwenye oksijeni: seli zinataka punje ndogo, mwili unavumilia kubwa. Machi 2025 kampuni ya Vertex ilisitisha jaribio lake la kifaa cha kufunga seli za insulini kwa sababu insulini iliyotoka haikutosha.

Mwezi huohuo, upande mwingine, mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha Encelto, kifuko kidogo chenye seli hai kinachowekwa ndani ya jicho kwa upasuaji, kwa ugonjwa adimu wa retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Kinapunguza kasi ya uharibifu, hakirudishi kilichopotea. Lakini ni seli ndani ya ganda, ndani ya mtu, kwa kibali. Jicho ni mahali padogo na dozi inayotakiwa ni ndogo. Kongosho ni deni kubwa zaidi.

"Na sukari yangu mimi?" akauliza.

Yake ni aina ya pili. Kongosho lake bado linatoa insulini, ila mwili hauitikii vizuri. Utafiti huu wote umelenga zaidi aina ya kwanza, ambapo seli za insulini zimeuawa. Hata kifaa kikifanikiwa kesho, si yeye atakayekuwa wa kwanza kwenye foleni. Nikamwomba vidonge vyake vya kliniki asiviache hata siku moja kwa ajili ya ujumbe.

Alinyamaza kidogo, akaangalia bahari. Lilikuwa bamvua, maji yametoka, wenzake walishatangulia shambani na kamba zao. Akachukua simu, akabonyeza pale pa kurekodi sauti, akasema kwenye kundi: "Nani kati yenu amewahi kuviona hivyo vidonge kwa macho yake?" Akaifunga simu kwenye pindo la kanga, akashuka.

Hadi leo kundini kajibu mtu mmoja tu, kwa picha ya maua iliyoandikwa "Asubuhi njema".