Mt. Kizito si mlima: tunayokosea tukiwasimulia watoto habari za watakatifu

Mtoto mmoja wa gredi ya nne alikuwa akisoma kalenda ya parokia kwa sauti. Alipofika tarehe 3 Juni alisimama, akaniuliza, "Mwalimu, Mt. Kizito ni mrefu kuliko Mt. Kenya?" Wenzake hawakucheka, maana na wao walidhani ni mlima. Ramani ya darasani ina Mt. Kenya, kalenda ina Mt. Kizito, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kwenye kalenda hicho ni kifupi cha Mtakatifu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiandika kwenye daftari makosa ya watoto kuhusu watakatifu. Mengi wameyapata kwetu sisi wakubwa.

"Vasco da Gama ni mtakatifu, ndiyo maana nguzo yake ina msalaba."

Hili nalisikia kila mwaka hapa Malindi, na si ajabu. Nguzo ipo pale baharini na msalaba juu, na Jumapili wazazi huwapeleka watoto kupiga picha. Vasco da Gama alikuwa nahodha wa mfalme wa Ureno. Alifika hapa 1498 akitafuta njia ya kwenda Bara Hindi. Hajawahi kutangazwa mtakatifu.

Mtakatifu aliyepita Malindi ni mwingine: Fransisko Xavier, mwaka 1542. Watu husema alikuwa Mreno kwa kuwa alikuja na meli ya Wareno, lakini alizaliwa 1506 Navarra, ambayo leo iko Hispania. Husemwa pia kwamba alikuja kuwabatiza watu wa Malindi. Meli yake ilikuwa safarini kwenda Goa, Bara Hindi, baada ya kukaa miezi kadhaa Msumbiji ikingoja pepo, na hapa ilitia nanga kwa muda mfupi tu. Wengine huwaambia watoto kwamba amezikwa kwenye kile kikanisa cha zamani karibu na ufuo. Alifariki tarehe 3 Desemba 1552 katika kisiwa cha Shangchuan, karibu na pwani ya China, na mwili wake uko Goa.

"Watakatifu wote ni Wazungu."

Picha ndizo zilizotufikisha hapa. Mtoto akiona nyuso kumi nyeupe ukutani, atajumlisha mwenyewe. Kwa hiyo huanza na Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 Tagaste, mahali ambapo leo ni Algeria, na mama yake Monika, mwenyeji wa huko huko. Kisha nakaa sana kwa Bakhita.

Alizaliwa Darfur, Sudan, yapata mwaka 1869. Akiwa bado mtoto mdogo alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa, na hofu ikamshika hata akalisahau jina alilopewa na wazazi wake. Waliomteka ndio waliomwita Bakhita, yaani mwenye bahati. Hapo huwauliza watoto, "Nani hapa anaitwa Bahati?" Daima mikono miwili mitatu huinuka. Nawaambia neno ni lile lile, na darasa hunyamaza lenyewe.

Dhana niliyokua nayo mimi mwenyewe, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa, ni kwamba Wazungu walimnunua wakamwacha huru, naye akashukuru akawa sista. Ukweli una uzito zaidi. Baada ya kuuzwa mara kadhaa na kuchanjwa mwilini kwa wembe, alinunuliwa Khartoum mwaka 1883 na konsuli wa Italia. Mwaka 1885 alipelekwa Italia, na huko akakabidhiwa familia nyingine awe yaya wa mtoto wao. Mama wa nyumba alipotaka kumrudisha Sudan, Bakhita alikuwa Venezia kwa masista Wakanosa akijiandaa kubatizwa. Alikataa kuondoka. Yule mama alipiga kelele, akadai mali yake, na jambo likafika mahakamani. Tarehe 29 Novemba 1889 mahakama iliamua kwamba sheria ya Italia haitambui utumwa, kwa hiyo Bakhita ni mtu huru na aende anakotaka. Alibaki pale pale. Alibatizwa Januari 1890, akawa sista, akahudumu miaka mingi katika mji wa Schio, Italia: jikoni, sakristia, na mlangoni akipokea wageni. Alifariki tarehe 8 Februari 1947, na Papa Yohane Paulo II akamtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

Siwezi kusimulia haya Malindi nikanyamazia ya Malindi. Katika karne ya 19 mashamba ya mtama na ufuta ya hapa yalilimwa na watumwa. Darasani mwangu wamo watoto ambao wazee wao walilima mashamba yale kwa kulazimishwa, na huenda wamo ambao wazee wao waliyamiliki. Wote wanahitaji kumsikia msichana huyu akisema hapana, na kujua kwamba aliisema kabla hakimu hajamwambia ana haki ya kuisema.

"Watakatifu walizaliwa wema."

Augustino aliandika mwenyewe kwamba alipokuwa na miaka kumi na sita, yeye na marafiki zake walikwenda usiku kuutikisa mpeasi wa jirani. Walikula kidogo, mengine wakawatupia nguruwe. Hakuwa na njaa. Aliiba, anasema, kwa sababu kuiba kwenyewe kulimpendeza. Peasi hapa si tunda la kila siku, kwa hiyo mimi husema embe ngowe za jirani, na kuna watoto ambao ghafla huanza kutazama viatu vyao. Ni somo ambalo sijawahi kulazimika kulifafanua.

"Mtakatifu George aliua joka."

Hii huwauma watoto wakiambiwa si kweli, kwa hiyo siwanyang'anyi joka lao. Nawauliza kama wanamjua Fumo Liyongo. Wanamjua: shujaa asiyedhurika kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Je, Liyongo aliishi? Wazee wa pwani wanasema aliishi. Na ile sindano? Hapo wanaanza kubishana wenyewe, na ubishi wao ni mzuri kuliko maelezo yangu. George naye anakumbukwa kama Mkristo aliyeuawa kwa imani yake, kwa mapokeo huko Lida, katika nchi ya Palestina, mwanzoni mwa karne ya 4. Joka liliingia kwenye masimulizi yake karne nyingi baadaye. Mtoto wa pwani aliyelelewa na tenzi anaweza kabisa kushika yote mawili, mtu na utenzi wake, bila kuchanganya.

Santa wa Krismasi namwekea dakika moja tu: ametokana na Mtakatifu Nikolai, na Nikolai alikuwa askofu wa Mira, katika nchi ya Uturuki ya leo, sikukuu yake ni tarehe 6 Desemba, na hakuwa na paa wa kumvuta thelujini.

"Antoni wa Padua ni Mwitaliano wa kuombwa ukipoteza funguo."

Alizaliwa Lisbon, Ureno, mwaka 1195, akaitwa Fernando. Alitamani kwenda kufia imani Moroko, akaenda, akaugua, na meli ya kumrudisha nyumbani ikasukumwa na upepo hadi Sicilia. Watoto wa wavuvi huelewa mara moja jinsi upepo unavyoweza kumpangia mtu maisha. Alifariki tarehe 13 Juni 1231, na hata mwaka haukuisha kabla ya kutangazwa mtakatifu.

"Papa humfanya mtu kuwa mtakatifu, na mashahidi wa Uganda walichomwa wote siku moja."

Kanisa halimpi marehemu utakatifu. Linachunguza maisha yake, kisha linatangaza. Uchunguzi waweza kuwa wa haraka kama kwa Antoni, au mrefu sana. Kizito, aliyekuwa na miaka kama kumi na minne, alichomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886 pamoja na Karoli Lwanga na wenzao. Walitangazwa wenyeheri, hatua iliyo kabla ya utakatifu, 1920, na watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964 na Papa Paulo VI. Lakini mauaji yale ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, hayakuwa ya siku moja: Yosefu Mukasa aliuawa Novemba 1885, na wa mwisho kati ya wale 22 Wakatoliki aliuawa Januari 1887. Nami siachi kuwataja Waanglikana 23 waliouawa katika mateso hayo hayo, kwa sababu darasani wamo watoto wao, na mtoto hapaswi kusikia hadithi ya nyumbani kwao ikisimuliwa nusu.

"Wakristo wanaabudu watakatifu."

Swali hili hutoka kwa watoto Waislamu, majirani zetu, na huulizwa kwa adabu, kwa hiyo nalijibu kwa adabu. Kuabudu ni kwa Mungu peke yake, na hilo Kanisa Katoliki linalifundisha wazi. Anayesema "Mtakatifu Antoni, utuombee" anaomba aombewe, kama unavyomwomba nyanya yako akukumbuke katika sala zake. Waprotestanti wengi huwaheshimu watakatifu bila kuwaomba hata hivyo, na watoto wanapaswa kulijua hilo pia.

Mazungumzo ya aina hii Malindi ni ya zamani. Xavier, katika barua aliyoandika Goa mwaka ule ule wa 1542, anasimulia kwamba mzee mmoja wa heshima, Mwislamu, alimuuliza hapa kama Wakristo bado wana bidii ya kusali. Mji ulikuwa na misikiti 17, alisema mzee, na watu walikuwa wakienda mitatu tu. Walizungumza, hawakukubaliana. Safari ile ile mtu mmoja wa melini alifariki akazikwa Malindi, na Xavier akaandika kwamba Waislamu walipendezwa kuona namna Wakristo wanavyozika wafu wao. Kisa hiki huwasimulia watoto wa dini zote mbili tukiwa tumekaa kivulini, nje ya kikanisa cha makuti, kabla hatujaingia.