Uhuru wa mkaguzi wa hesabu na taarifa ya mtiririko wa fedha: vinapokutana

Vyuoni, uhuru wa mkaguzi hufundishwa kwenye somo la ukaguzi, na taarifa ya mtiririko wa fedha kwenye somo la taarifa za fedha. Mwanafunzi anaweza kufaulu yote mawili asione yanakutana wapi. Yanakutana pale mkaguzi anapolazimika kuamua kama fedha zilizoingia zimetokana na biashara au na mkopo, huku mteja anayemlipa akitaka jibu moja tu.

Tuanze na taarifa yenyewe. Faida si fedha mkononi. Duka la jumla likiuza saruji ya shilingi milioni 100 kwa mkopo mwezi Desemba, mauzo yote yanahesabiwa kwenye faida ya mwaka huo, ingawa benki haijaingia hata senti. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 7, kinataka kampuni ionyeshe fedha zilivyoingia na kutoka katika mafungu matatu: uendeshaji, yaani kuuza, kununua bidhaa na kulipa mishahara, uwekezaji, kama kununua mitambo na majengo, na ufadhili, yaani mikopo, hisa na gawio.

Jumla ya mafungu hayo ni ngumu kuichezea, kwa sababu lazima ikubaliane na badiliko la salio la benki, na mkaguzi makini huiomba benki uthibitisho moja kwa moja bila kupitia kwa mteja. Mchezo hufanyika ndani, kwenye kuchagua fungu. Wawekezaji na mabenki hutazama zaidi fungu la uendeshaji, kwa kuwa ndilo linaloonyesha kama biashara inajilisha yenyewe. Mkopo wa shilingi bilioni 2 ukiandikwa kuwa ni malipo ya awali ya wateja, salio la benki halibadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni sura ya kampuni: inayokopa ili isizame inaonekana ina wateja tele.

Enron, kampuni ya nishati ya Houston, Marekani, ilifanya hivyo kwa mabilioni ya dola. Kampuni iitwayo Mahonia, iliyosajiliwa kisiwani Jersey na kutumiwa na benki iliyokuja kuwa J.P. Morgan Chase, iliilipa Enron fedha mkupuo kwa ajili ya gesi au mafuta ya kupelekwa baadaye. Kwa karatasi hayo ni mauzo. Lakini mikataba mingine iliyofungwa sambamba ilifuta hatari yote ya bei: gesi ipande au ishuke, Enron ingerudisha kiasi kilekile kilichopangwa, pamoja na kitu kilicholingana na riba. Huo ni mkopo. Enron iliuweka kwenye uendeshaji. Taarifa yake ya mwaka 2000 ilionyesha fedha za uendeshaji za dola bilioni 4.8, na tarehe 2 Desemba 2001 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Mwaka 2003 J.P. Morgan Chase ilikubali kulipa dola milioni 135 kumaliza shauri lake na mamlaka ya soko la mitaji ya Marekani kuhusu miamala hiyo.

Mkaguzi alikuwepo muda wote. Arthur Andersen, moja ya kampuni tano kubwa za ukaguzi duniani wakati huo, ilipokea kutoka Enron mwaka 2000 dola milioni 25 za ukaguzi na dola milioni 27 za ushauri na kazi nyingine. Kabla ya hapo iliwahi kubeba hata kazi ya ukaguzi wa ndani wa Enron.

Hapa ndipo dhana ya uhuru inapoeleweka vizuri. Mkaguzi anatakiwa kuwa huru kwa fikra, yaani atoe maoni bila shinikizo kuyapindisha, na pia aonekane huru machoni pa mtu wa nje mwenye akili timamu anayezijua habari zote. Kanuni za maadili za kimataifa za wahasibu zinataja vitishio vitano kwa uhuru huo: maslahi binafsi, kujikagua mwenyewe, kumtetea mteja, mazoea, na kutishwa. Ada ya ushauri inayoizidi ada ya ukaguzi ni maslahi binafsi. Kukagua mifumo uliyosaidia kuisimamia ni kujikagua mwenyewe. La kutishwa linahitaji kutazamwa kwa karibu zaidi.

Ndani ya Andersen kulikuwa na kikundi cha wataalamu wa viwango, ambacho kazi yake ilikuwa kuzishauri timu za ukaguzi kuhusu masuala magumu. Mmoja wao, Carl Bass, alipinga namna Enron ilivyotaka kuandika baadhi ya miamala yake. Enron ililalamika. Machi 2001 Andersen ikamwondoa kwenye masuala ya Enron. Kwangu mimi hilo linafundisha kuliko ada zote: ujuzi ulikuwepo, mtu aliyesema hapana alikuwepo, na mteja akawa na nguvu ya kumwondoa.

Mwaka 2002 ikafuata WorldCom, kampuni ya simu ya Marekani, nayo ikikaguliwa na Andersen. Malipo ya kutumia laini za simu za kampuni nyingine, dola bilioni 3.8 kwa hesabu ya kwanza iliyotangazwa, yaliandikwa kama mali ya kudumu. Kwenye mtiririko wa fedha yakahama kutoka uendeshaji kwenda uwekezaji. Waliogundua ni wakaguzi wa ndani wakiongozwa na Cynthia Cooper.

Mwaka huohuo sheria ya Sarbanes-Oxley ilimkataza mkaguzi wa kampuni iliyo kwenye soko la hisa la Marekani kuiandikia vitabu, kuiundia mifumo ya fedha au kuifanyia ukaguzi wa ndani, na ikamtaka mshirika anayeongoza ukaguzi aachie ngazi baada ya miaka mitano.

Ugumu mmoja haujaondoka: anayekaguliwa ndiye anayelipa. Kwa upande wa serikali, sheria zetu zimejaribu kulikabili kwa njia nyingine. Ibara ya 143 ya Katiba ya Tanzania inasema Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali halazimiki kufuata amri ya mtu au idara yoyote katika kazi yake. Kenya, chini ya Katiba ya 2010, Mkaguzi Mkuu hukaa miaka minane na hateuliwi tena, hivyo hana sababu ya kumbembeleza mtu amwongezee muda.

Ukishika ripoti ya mwaka ya kampuni yoyote, tafuta maelezo ya ada za mkaguzi uone kama analipwa pia kwa kazi zisizo za ukaguzi. Kisha weka faida na fedha za uendeshaji za miaka mitatu au minne kando kwa kando. Faida ikipanda huku fedha zikisuasua, soma maelezo ya wadaiwa. Fedha zikipanda ghafla, soma maelezo ya mikopo na ya malipo yaliyopokelewa kabla ya bidhaa kutoka. Usipopata jibu na wewe ni mwanahisa, liulize kwenye mkutano mkuu, ambako mkaguzi naye ana haki ya kuhudhuria na kusikilizwa.